Mtumishi wa Ofisi na Mashine Inayojibu

(Mazungumzo yaliyosomwa katika Masomo ya Redio kwa Watu Wazima. Yamepigwa chapa kwa ajili ya vikundi vya kusikiliza.)

Natumaini mmekwisha kukaa vizuri, na karani wa kila kikundi ana kalamu yake tayari, maana mwisho wa mazungumzo haya nitawapa kazi ya kufanya.

Juma lililopita tulijifunza namna ya kuandika barua za kazi. Baada ya somo lile msikilizaji mmoja aliniuliza, na swali lake lilinipendeza kwa jinsi lilivyokuwa wazi. Alisema, “Mwalimu, mbona watutaabisha bure? Siku hizi naiambia simu yangu, nayo yaandika barua nzuri kuliko yangu. Kuna haja gani ya kujifunza?” Basi leo nataka kumjibu, na wengine wote mnaofanya kazi katika ofisi, duka, zahanati, shule au chama cha ushirika, na zaidi wale walio na watu chini yao.

Jina la mashine hii kwa Kiswahili halijatulia bado. Wengine huiita akili bandia, wengine akili unde, wengine akili mnemba. Mimi nitasema akili mnemba, na mara nyingine nitasema mashine tu, nanyi mtajua nakusudia ipi. Iliyojulikana kwanza kwa watu wengi ni ile iitwayo ChatGPT, ya kampuni ya Kimarekani iitwayo OpenAI, ambayo ilifunguliwa kwa watu wote tarehe 30 Novemba 2022. Tangu siku hiyo zimetoka nyingine nyingi. Sasa zimo ndani ya simu, na ndani ya programu za kuandikia barua na kupigia hesabu, hata mtumishi aweza kuitumia bila kujua kwamba anaitumia.

Kwanza tuelewe ni kitu cha namna gani. Mashine ya taipu ya zamani ukipiga A iliandika A. Ikitokea B, kosa ni la kidole chako. Mashine ya hesabu ukiipa 7 mara 8 hutoa 56, leo na kesho na mwaka ujao. Akili mnemba si ya ukoo huo. Imelishwa maandishi mengi mno, ya vitabu na magazeti na intaneti, ikafunzwa neno gani hufuata neno gani. Mimi nikisema hapa, “Haraka haraka…”, kila mmoja wenu atamalizia, “haina baraka.” Hamkufungua kitabu. Masikio yenu yamezoea. Mashine nayo hufanya kazi yake kwa njia inayofanana na hiyo: hukisia neno linalofuata, kipande kwa kipande, kwa ustadi ambao haujapata kuonekana. Ndiyo sababu lugha yake ni laini.

Lakini ulaini wa lugha si ushahidi wa ukweli. Mtu mwaminifu ukimwuliza jambo asilolijua husita, hukuna kichwa, husema, “Ngoja nikaulize.” Mashine hii mara nyingi haisiti. Lililo kweli na lililo uongo hutoka kwa sauti ile ile, kwa adabu ile ile. Mafundi wake wamejitahidi kuifundisha kusema “sijui,” nazo za siku hizi zina nafuu kuliko zile za mwaka 2022. Nyingine hupekua intaneti kabla ya kujibu. Hata hivyo ugonjwa haujapona, na mashine yenye kupekua yaweza pia kusoma vibaya ilichokipata.

Mimi mwenyewe nimekwisha kuonja. Tulikuwa na mkutano katika ofisi niliyofanyia kazi, na wageni wetu hawakujua Kiswahili. Nikaandika mwaliko kwa Kiswahili, kwamba mkutano utaanza saa nane. Sikuandika “saa nane mchana,” kwani ni nani aitishaye mkutano saa nane usiku? Nikaipa mashine ifasiri kwa Kiingereza. Ikafasiri vizuri sana, heshima zote zikakaa mahali pake, ila saa nane yetu ikawa saa nane ya Waingereza, ambayo kwetu ni saa mbili asubuhi. Nikaweka sahihi, nikapeleka. Wageni wakafika wakati tarishi angali akifagia, wakakaa wakinywa chai saa sita nzima. Waliona haya kuuliza, nami niliona haya kueleza. Hayo yalikuwa mambo ya chai tu. Lakini fikirini zahanati, na karatasi inayosema mgonjwa ameze dawa saa mbili na saa nane.

Sasa nawaomba twende mbali kidogo, hadi mji wa New York, Marekani, maana huko lilitokea jambo ambalo kila mwenye kufundisha watumishi yafaa alijue. Mtu mmoja alilishtaki shirika la ndege la Avianca, akidai kwamba mwaka 2019, akiwa safarini, mkokoteni wa chakula ulimgonga goti. Shirika likaiomba mahakama iitupe kesi. Mawakili wa yule mtu wakaleta hoja zao mwezi wa Machi 2023, na ndani yake wakataja hukumu kadhaa za zamani, zenye majina ya wadai na wadaiwa, na majina ya mashirika ya ndege. Mawakili wa upande wa pili wakazitafuta hukumu zile, hawakuziona. Jaji naye akatafuta, hakuziona. Akaamuru zipelekwe nakala.

Sikilizeni vizuri hapa. Yule wakili aliyezitafuta, mtu mwenye miaka zaidi ya 30 katika kazi, alikuwa amezipata kwa ChatGPT. Alipotakiwa kuleta nakala alirudi kwa mashine ile ile, nayo ikamtungia nakala, zikapelekwa mahakamani. Tena alikuwa ameiuliza mashine, “Je, hukumu hii ni ya kweli?” Ikamjibu kwamba ni ya kweli. Akaridhika! Ni kama kumwuliza mwuzaji wa maziwa kama ameyatia maji.

Hukumu sita hazikuwako duniani. Tarehe 22 Juni 2023 Jaji P. Kevin Castel aliwatoza mawakili wawili pamoja na ofisi yao faini ya dola 5,000, akaamuru waandike barua kwa majaji ambao majina yao yalikuwa yametiwa katika hukumu zile za uongo. Lakini ninalotaka mliandike karatasini si faini. Jaji alisema wazi kwamba kutumia mashine ya kuaminika kwa msaada si kosa, ila wakili ndiye mlinzi wa mlango, naye hapana budi ahakikishe kinachopita. Akasema pia kwamba kama wangalikiri mapema, pale walipoambiwa mara ya kwanza kuwa hukumu hazionekani, mambo yangalikuwa tofauti kabisa. Wao waliendelea kuzishikilia.

Basi yako makosa mawili hapo. La kwanza ni la kila mtu. Hata mimi na wageni wangu wa chai tumo. La pili ni la kuficha, nalo ndilo lililowaponza. Anayewafundisha watumishi wake la kwanza tu, akaacha la pili, hajamaliza kazi.

Haya, tuje kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ni zito zaidi, kwa sababu halionekani. Barua yenye kosa yaweza kurudishwa na kusahihishwa. Siri iliyotoka hairudi. Mtumishi anapobandika barua, orodha au hesabu ndani ya mashine, maneno yale huondoka katika simu yake yakaenda kwenye kompyuta za kampuni nyingine, mara nyingi katika nchi nyingine. Baadhi ya kampuni huyahifadhi, na baadhi huyatumia kuifundishia mashine, isipokuwa mtumiaji ameikataza kwa kuzima kibonyezo fulani, au mwajiri wake amefanya mkataba maalumu. Wangapi kati yenu mmepata kukitafuta kibonyezo hicho?

Mwaka 2023 magazeti ya Korea ya Kusini yalieleza yaliyoipata Samsung, kampuni inayotengeneza simu na vifaa vya kompyuta. Iliwaruhusu watumishi wa idara moja kutumia ChatGPT. Haukupita muda, mafundi wakawa wamebandika ndani yake maandishi ya programu za kampuni ili wasaidiwe kuona kosa, na mwingine akaingiza mazungumzo ya mkutano wa ndani ili atengenezewe kumbukumbu. Mwezi wa Mei mwaka huo kampuni ikapiga marufuku. Angalieni, hakuna hata mmoja aliyekuwa mwizi. Kila mmoja alikuwa akiwahi kumaliza kazi, na huenda jioni ile alirudi nyumbani akijisifu kwa bidii yake. Siri nyingi za ofisi hutoka kwa mikono ya watu wenye bidii.

Kwetu siri si programu za simu. Kwetu ni daftari la chama cha ushirika, lenye jina la mkulima, uzito wa kahawa yake, na deni analodaiwa. Ni kadi ya mgonjwa. Ni ripoti ya mtoto wa shule aliyepatwa na jambo nyumbani kwao. Sheria zimekwisha kulinena jambo hili: Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa taarifa za watu ya mwaka 2019, Uganda vilevile mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Lakini hata kama sheria isingekuwako, mkulima alimpa karani habari zake kwa ajili ya kazi moja, hakumpa ruhusa ya kuzigawa.

Mtasema, “Nitafuta jina, niandike Mkulima A.” Vema, fanyeni hivyo. Ila kufuta jina peke yake hakutoshi mahali ambapo watu wanajuana. Ukiandika, “mwalimu mkuu mwanamke wa shule ya kisiwani, ambaye mumewe alifariki mwaka jana,” umekwisha kumtaja. Mimi hutumia kipimo hiki: habari hii ningeweza kuisoma kwa sauti kubwa sokoni, mbele ya mwenyewe? Kama ulimi wangu unakwama, basi haiingii katika mashine. Na neno la siri, namba ya akaunti, na kitambulisho cha mtu, haviingii kabisa. Hapo hapana haja ya kwenda sokoni.

Mpaka hapa nimesema juu ya mashine tunayoitumia sisi. Liko na jingine fupi, la mashine inayotumiwa na wezi dhidi yetu, kwani ujuzi ule ule wa kutunga maneno hutunga pia sauti na sura. Mwanzoni mwa mwaka 2024 polisi wa Hong Kong walieleza habari za mtumishi wa fedha aliyepata ujumbe kutoka kwa mtu aliyejiita mkuu wa fedha wa kampuni yake, aliyeko Uingereza, akimtaka apeleke fedha kwa siri. Mtumishi akashuku, na alikuwa na haki. Wakamwita katika mkutano wa video. Akawaona wakubwa na wenzake, akasikia sauti zao, shaka ikamtoka. Akapeleka fedha mara 15, jumla yake dola za Hong Kong zipatazo milioni 200. Wote aliowaona katika mkutano ule walikuwa sura za kutengenezwa. Baadaye kampuni ya wahandisi ya Arup ilikubali kwamba ndiyo iliyopatwa.

Shaka yake ya kwanza ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni ruhusa ya kusema, “Bwana Mkubwa, nakata simu, nitakupigia mimi kwa namba yako ninayoijua siku zote.” Katika ofisi nyingi za kwetu maneno hayo ni utovu wa adabu. Basi mkubwa mwenyewe ndiye yampasa awaambie watu wake, mbele ya wote, kwamba siku atakapoagiza fedha kwa simu au video, wasimtii mpaka wamempigia. Asipoyasema yeye, karani hatathubutu.

Sasa nasema na matajiri na wakuu wa idara. Njia nyepesi ni kukataza. Siwalaumu wanaokataza, na ziko kazi ambazo kukataza ndiko kunakofaa. Lakini mtumishi ana simu mfukoni, na barua aliyoandikiwa na mashine haina alama usoni. Ukikataza bila kufundisha, hutaona matumizi yakikoma. Utaona yakihamia chooni na chini ya meza.

Kufundisha nako si kumwita mtu wa mjini mwenye tai aje kusoma karatasi kwa siku nzima, kisha watu wakapewa vyeti. Nimeyaona hayo. Wiki ya pili kila mtu amerudi alikokuwa. Chukueni alasiri moja, mketi katika ofisi yenu wenyewe, mkiwa na kazi zenu wenyewe. Mwiteni na tarishi, na msichana wa mapokezi, kwa maana nao wana simu na nao hupokea habari za watu. Mwanzoni kila mmoja aiulize mashine juu ya jambo analolijua kuliko wote waliomo chumbani. Dereva aulize juu ya barabara ya kijiji chao. Mhasibu aulize juu ya kodi ambayo ameihesabu miaka kumi. Muuguzi aulize juu ya dawa anayoitoa kila siku. Hapo ndipo watu huona kwa macho yao mahali inapopatia na mahali inapotunga. Mwulize mtu jambo asilolijua, naye atalisifu kila jibu. Mwulize analolijua, ataanza kunung’unika. Kunung’unika huko ndiko tunakokutafuta.

Kisha pitieni kazi za ofisi moja moja, mkiamua. Kupanga upya barua uliyokwisha kuiandika, kufupisha taarifa ndefu ambayo si siri, kutengeneza maswali ya mkutano, kueleza kanuni ya hesabu usiyoielewa: hizo ni kazi ambazo mashine huzifanya vema, na ni upumbavu kuikataa kwa kiburi. Lakini kila namba, kila tarehe, kila jina la sheria na kila kipimo cha dawa, kithibitishwe mahali pengine nje ya mashine: katika daftari, katika gazeti la serikali, kwa mtu anayejua. Si kwa kuiuliza mashine ile ile mara ya pili. Mmesikia ya New York. Na kuchagua nani aajiriwe na nani afukuzwe, msiiachie. Mtu aliyenyimwa kazi ana haki ya kumwuliza mtu mwenzake sababu.

Mkimaliza, andikeni ukurasa mmoja, usizidi, ubandikwe ukutani. Useme ni mashine gani inayoruhusiwa hapa, ni habari zipi haziingii, ni nani aulizwe mtu akiwa na shaka. Na mstari mmoja zaidi, ambao ndio wenye kazi: mtumishi atakayekuja siku ile ile kusema, “Nimebandika nisichopaswa kubandika,” au, “Barua niliyopeleka ina kosa,” hatakaripiwa kwa kuja kwake. Kwanza tutengeneze kilichoharibika; mengine baadaye. Najua wako wakubwa watakaosema kwamba hiyo ni kulea uzembe. Mimi nawauliza, mwataka kosa lipi: lile unaloambiwa saa nne asubuhi, au lile utakalolisikia kwa hakimu?

Zoezi hili lirudiwe, walau kila baada ya miezi michache, kwa sababu mashine hubadilika. Iliyokosea jana huenda leo ikapatia, na iliyopatia ikakosea kwa namna mpya.

Na yule msikilizaji wangu aliyeuliza kuna haja gani ya kujifunza kuandika barua? Bwana, mashine yaweza kukuandikia. Lakini ili ujue kwamba barua ile ni nzuri, na kwamba “saa nane” iliyomo ni saa nane yako, yakupasa uwe wajua barua nzuri ni ipi. Kwa hiyo daftari lako la juma lililopita usilitupe.

Wakati umekwisha kunibana. Kazi yenu ni hii. Kila mmoja kikundini aandike maswali 10 juu ya jambo analolijua vizuri: shamba lake, ufundi wake, mji wake, dini yake, mpira akitaka. Matano ayaulize kwa Kiswahili, na wale wanaojua lugha nyingine waulize matano kwa lugha hiyo, waone kama majibu yanalingana. Wasiokuwa na simu ya namna hiyo waketi pamoja na mwenye nayo. Msitie jina la mtu yeyote. Kwa kila jibu karani aandike mojawapo ya maneno haya: sawa, kosa, kosa lililosemwa kwa uhakika. Hilo la mwisho mlihesabu peke yake, mlete jumla yake katika kipindi kijacho, tulinganishe kikundi na kikundi.

Juma lijalo, siku hii na saa hii, tutasoma habari za mkataba wa kazi, na maana ya maneno yale yaliyopigwa chapa ndogo chini ya ukurasa. Mwenye mkataba wake nyumbani aje nao. Kwaherini.